Nkore ya kale: Shule penye moto, haki penye ngoma

APRILI mwaka 2025, shule zikiwa zimefungwa, nilivuka mpaka wa Kagitumba nikiwa na begi moja na kilo tano za maharage. Kutoka Mirama Hills nilipanda gari hadi Ntungamo, nikabadilisha kwenda Mbarara, nikalala huko. Kesho yake nikaingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera, kumsalimia mama mmoja mzee aliyemlea mdogo wangu tulipokuwa ukimbizini.

Sikumkuta nyumbani. Jirani akaniambia wote wako barazani, kuna kesi. Nikaenda.

Chini ya mti watu walikuwa wamekaa, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya madumu ya maji. Mlalamikaji alikuwa mama wa Kikongo. Mahindi yake yaliyokwisha kufika magotini yalikuwa yameliwa na ng'ombe Jumanne mchana. Mlalamikiwa alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe zaidi ya thelathini, mtu mwenye jina pale.

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mkimbizi aliyechaguliwa na wakimbizi wenzake, alimpa mama yule nafasi ya kusema kwanza. Mama akasema kwa Kiswahili cha kwao, bila kupepesa macho. Mfugaji alipotaka kumkatiza, mwenyekiti akainua mkono: "Ngoja, mzee. Zamu yako inakuja."

Pembeni yangu alikaa mzee wa Kinyankole, wa zaidi ya miaka themanini, anayekuja Nakivale kuuza matoke. Aliniinamia sikioni akasema: "Mwanangu, babu yangu alikuwa Mwiru, mtu wa jembe. Ng'ombe wa mkubwa wangekula mtama wake, hivi angesema kwanza?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinifuata hadi Mbarara na hadi nyumbani. Sisi tuliosoma ugenini tuliyajua majina ya mito ya Ulaya kabla ya kujua jinsi nchi tuliyokalia ilivyokuwa ikiwalea watoto wake na kuamua kesi zake. Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule.

Watu wa maziwa na watu wa jembe

Nchi iliyo kati ya Mbarara na mpaka wetu ilikuwa sehemu ya ufalme wa Nkore na falme ndogo za jirani. Mfalme aliitwa Mugabe, akitoka ukoo wa Bahinda, ambao husema babu yao ni Ruhinda. Chini yake kulikuwa na Enganzi, mtu wake wa karibu kuliko wote, kisha wakuu wa maeneo na wa vikosi vya vita vilivyoitwa emitwe. Mama na dada wa Mugabe walikuwa na nyua zao na sauti zao katika mambo ya ufalme.

Wananchi waligawanyika makundi mawili makubwa. Wahima walikuwa wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, na watawala wengi walitoka kwao. Wairu walikuwa wakulima, na ndio waliokuwa wengi zaidi. Mwiru alilima ulezi, akapika pombe, akafua mikuki na kuchonga vyombo vya mbao vya kukamulia maziwa. Muhima alitoa maziwa, siagi na ngozi. Hakuna aliyeweza kuishi bila mwenzake, lakini kiti cha juu kilikuwa cha mwenye ng'ombe.

Kalervo Oberg, mtafiti aliyekaa Ankole miaka ya 1930, aliandika kwamba Mwiru hakuruhusiwa kumiliki ng'ombe wa kuzaa wala kuoa binti wa Kihima. Mwanahistoria wa Uganda, Samwiri Karugire, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu Nkore, alipinga picha hiyo. Kwake mipaka ile haikuwa migumu kama ilivyochorwa, na wakoloni waliikaza zaidi walipofika. Mimi si mwamuzi wao. Lakini wote wawili hawakatai kwamba mtu alipozaliwa, watu waliuliza kwanza: huyu ni wa nani?

Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901 uliiunganisha Nkore na majirani kama Buhweju, Igara na sehemu ya Mpororo chini ya Mugabe Kahaya, kwa ulinzi wa Waingereza. Hapo ndipo jina Ankole liliposhika eneo lote kubwa tunalolijua leo.

Shule bila ubao

Watu husema kabla ya wamishonari hapakuwa na shule. Si kweli. Kilichokosekana ni ubao na chaki.

Mtoto wa Kihima alianza na ndama. Akishajua kuwalinda, alipewa ng'ombe. Alijifunza kumtambua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa jina, kukamua, kutibu, kutafuta maji wakati wa kiangazi na kutumia upinde. Kijana aliyekua alitunga ekyevugo, yaani majigambo ya ushujaa, akayasema mbele ya wakubwa kwa kasi bila kukwama. Huo ndio uliokuwa mtihani wake. Binti alifundishwa kuosha vyombo vya maziwa na kuvifukiza kwa moshi wa nyasi, kusuka mikeka na kutunza nyumba.

Mtoto wa Mwiru alijifunza majira ya kupanda, udongo upi wa ulezi na upi wa ndizi, na kama baba yake alikuwa mhunzi, alivuta mivukuto tangu akiwa mdogo. Jioni, nyumba zote mbili ziliwasha moto, na penye moto huo ndipo zilipotolewa hadithi, vitendawili na enfumu, yaani methali. Bibi aliuliza, mtoto akajibu. Aliyekosea alichekwa, kesho yake akasikiliza vizuri zaidi.

Ilikuwa elimu nzuri. Hakuna mhitimu aliyetoka hapo akakosa kazi. Lakini kama mwalimu, naona kasoro yake: ilimfundisha kila mtoto kazi ya baba yake na nafasi ya baba yake. Moto wa mfugaji ulimwandaa mfugaji, na moto wa mkulima ukamwandaa mkulima.

Haki ilipimwa kwa ukoo

Kesi ndogo ziliamuliwa na wazee wa ukoo: ugomvi wa mume na mke, mahari, urithi, mpaka wa shamba. Kesi kubwa zilipanda kwa wakuu, na za mwisho kwa Mugabe mwenyewe. Hakukuwa na gereza kama tunavyolijua. Kulikuwa na fidia, faini ya ng'ombe au mbuzi, kufukuzwa, na kwa makosa makubwa, kifo.

Mtu akiuawa, ndugu zake walidai damu, na walihitaji ruhusa ya Mugabe. Hapo ndipo swali la mzee wa Misiera linapoingia. Kwa mujibu wa Oberg, Mwiru akimuua Muhima, ndugu wa marehemu waliweza kulipiza. Muhima akimuua Mwiru, ndugu wa Mwiru hawakuwa na haki hiyo, bali waliweza kuomba fidia kupitia kwa Mugabe. Kosa lilikuwa moja, lakini mizani ilikuwa miwili.

Ngoma ya wanyonge

Hata hivyo, kulikuwa na mlango mwingine. Nkore ilikuwa na ngoma ya kifalme iliyoitwa Bagyendanwa. Ilikaa katika nyumba yake, ina watunzaji wake, inawekewa maziwa, ina ng'ombe wake waliotokana na sadaka za watu. Wananchi waliiheshimu kuliko Mugabe mwenyewe, kwa sababu Mugabe hufa na ngoma hubaki.

Ng'ombe wa ngoma hawakuwa pambo. Mtu aliyefilisika, aliyepoteza mifugo kwa ugonjwa au kwa wizi, aliweza kwenda penye ngoma akasaidiwa. Na aliyedhulumiwa na mkubwa asiyeweza kushindana naye alikwenda kuishtakia ngoma. Watu waliamini kwamba Bagyendanwa humfuata dhalimu hata kama wakuu wamemwacha. Mlango huo ulikuwa wazi kwa Muhima na kwa Mwiru.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Watu wa Nkore walijua kwamba mahakama zao ziliegemea upande mmoja, ndiyo maana wakaweka mahali pa kukimbilia mtu aliyeshindwa kwingine. Lakini ukitazama kwa makini, mnyonge aliachiwa imani. Hukumu ilibaki mikononi mwa wakubwa.

Mexico nao walikuwa na yao

Ili tusidhani haya ni ya kwetu tu, twende mbali kidogo. Huko Mexico, kabla Wahispania hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, Waazteki walikuwa na dola kubwa yenye mfalme, makabaila, watu wa kawaida na watumwa. Wao walijenga shule hasa. Watoto wa makabaila walikwenda calmecac, wakafundishwa na makuhani dini, hesabu za nyota, maandishi na sheria. Watoto wa watu wa kawaida walikwenda telpochcalli, wakafundishwa vita na kazi za mikono. Mara chache kijana hodari wa watu wa chini aliweza kuingia shule ya wakubwa.

Nao pia waligawa shule kwa kuzaliwa. Lakini mahakamani walifanya jambo la kushangaza. Maandishi ya karne ya 16 yanasema kwamba mtu wa kawaida akikamatwa amelewa hadharani, mara ya kwanza alinyolewa kichwa na nyumba yake ikabomolewa. Kabaila akikamatwa kwa kosa hilohilo, aliuawa mara ya kwanza. Kwao aliyesomeshwa zaidi alidaiwa zaidi.

Wafanyabiashara wenzetu wa mpakani watapenda kusikia hili pia. Waazteki walikuwa na wachuuzi wa masafa marefu walioitwa pochteca, waliovuka nchi za watu wakiwa na nguo, manyoya ya ndege na kakao. Walikuwa na mahakama yao wenyewe ya kuwahukumu wenzao. Na katika soko kubwa la Tlatelolco walikaa waamuzi mchana kutwa. Ukileta ugomvi wa bei au kipimo, uliamuliwa siku hiyohiyo, na kipimo cha uongo kilivunjwa mbele ya watu.

Sisemi tuwaige. Dola ile ilimwaga damu nyingi ya mateka wake. Lakini mchuuzi aliyewahi kuachwa na nyanya zake zikioza mpakani akisubiri mtu mmoja aamue, anajua thamani ya hukumu ya siku hiyohiyo.

Na sisi Wanyarwanda

Tusicheke ya jirani. Rwanda ya kale nayo ilikuwa na itorero, ambako vijana walikusanywa kwa mfalme na kwa wakuu wakafundishwa kucheza, kurusha mikuki, kuruka juu, kusema ibyivugo na kujizuia mbele ya watu. Ilikuwa na ubuhake, ambapo mtu alipewa ng'ombe na mkubwa naye akabaki kumtumikia, hadi Mwami Mutara Rudahigwa alipoufuta mwaka 1954. Na ilikuwa na gacaca: wazee wanakaa kwenye nyasi, wanasikiliza ugomvi wa shamba au wa mifugo, wanapatanisha. Wanawake hawakuwa waamuzi.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, jina hilo lilirudi kwa kazi nzito ambayo wazee wa zamani hawakuiwazia. Mahakama za Gacaca zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 18, 2012. Zilikuwa zaidi ya 12,000, zikasikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9. Zililaumiwa kwa mengi, likiwemo la washtakiwa kutokuwa na mawakili. Lakini safari hii waliochaguliwa kuwa inyangamugayo ni watu wa kawaida, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Mama ambaye bibi yake hakuruhusiwa kuamua kesi ya mbuzi, yeye aliamua kesi ya mauaji.

Kalamu ilivyogeuza mambo Ankole

Turudi Mbarara. Mwaka 1911 wamishonari wa Kianglikana walianzisha Mbarara High School. Shule za namna hiyo kwanza ziliwalenga watoto wa machifu, na serikali ya kikoloni ilipenda iwe hivyo. Lakini darasa si kama moto wa nyumbani. Shule za misheni zilizotapakaa vijijini zilipokea pia watoto wa Wairu, na mtoto wa mkulima akagundua kwamba anaweza kuwa wa kwanza darasani mbele ya mtoto wa chifu.

Matokeo yake yalionekana baada ya miaka thelathini hivi. Wairu waliosoma, wengi wao walimu, waliunda vuguvugu lililoitwa Kumanyana, maana yake kujuana. Wakahoji kwa nini vyeo vyote viende upande mmoja. Katikati ya miaka ya 1950, Kesi Nganwa, Mwiru aliyetoka katika kazi ya elimu, akawa Enganzi wa Ankole. Jambo hilo halikufanywa kwa mkuki. Mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa, na Nkore, tofauti na Buganda, Bunyoro na Toro, haijarudishwa. Mwana wa mfalme, John Barigye, alitawazwa mwaka 1993 lakini serikali haikumtambua. Wapo Wanyankole wanaoulilia ufalme, na wapo wanaosema waziwazi hawautaki, kwa sababu ya mambo hayohayo niliyoyaeleza.

Ukipita Mbarara, panda Kamukuzi ilipokuwa ikulu, au nenda Nkokonjeru walipozikwa Kahaya na Gasyonga, Wagabe wawili wa mwisho kutawala. Ukielekea Masaka, simama Biharwe kwenye makumbusho ya Igongo. Ni bora kuliko kusubiri basi umelala.

Kisa cha baba yangu

Sasa niseme la kwangu. Nilizaliwa mwaka 1979 upande wa Mbarara, nje ya makazi. Oktoba 1982 wazazi wangu walifukuzwa pamoja na maelfu ya Wanyarwanda wa Ankole, wakakimbilia Nakivale, makazi ambayo yalikwisha kupokea wakimbizi wa kwetu tangu miaka ya mwisho ya 1950.

Baba hakuwa na kitu. Mtu mmoja mwenye mali akampa ng'ombe mmoja amtunze. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: maziwa ni ya baba, na ndama wa pili atakuwa wake. Ndama wa kwanza akazaliwa, akafuata wa pili. Mwaka 1989, wiki chache baada ya huyo wa pili kuzaliwa, mwenye mali alikuja na vijana wawili, akachukua ng'ombe na ndama wote.

Baba alishtaki. Sitataja baraza lililomsikiliza, na kwa kweli halikumsikiliza. Nilikuwepo, nina miaka kumi. Mwenye mali aliongea kwa muda mrefu. Baba aliposimama, mmoja wa wazee akamwambia: "Wewe mgeni, shukuru umekunywa maziwa." Watu wakacheka. Baba akakaa chini.

Jioni ile alinitazama sana. Nilikuwa nimekatiza masomo ili kulinda ng'ombe huyohuyo. Akasema: "Jumatatu unarudi shule. Utakachosoma, hakuna atakayekuja kukidai." Wiki hiyo aliuza baiskeli yake. Kwa baiskeli hiyo nilimaliza msingi Nakivale, na kwa vibarua vya mama nikasoma sekondari Mbarara hadi kidato cha nne, mwaka 1996. Familia ilikuwa imekwisha kurudi Rwanda. Nikawafuata.

Kesi ambayo haikuletwa

Nimelipa swali la mzee nauli ndefu, sasa nimalizie barazani. Mfugaji wa Misiera alipopewa zamu yake alisema, na akasikilizwa vilevile. Hukumu ikatoka: alipe magunia mawili ya mahindi wakati wa mavuno na shilingi 50,000 za mbegu na vibarua. Ikaandikwa kwenye daftari, wote wawili wakaweka sahihi. Mama wa Kikongo aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akatabasamu.

Mzee wa Kinyankole akanigusa goti: "Umeona? Bila kwenda penye ngoma."

Ni kweli, na tusilidharau. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani, na elimu ya msingi sawa na raia. Kitu ambacho baba alinyimwa mwaka 1989, leo kina karatasi.

Lakini wakati watu wanatawanyika, nilimwona mtoto amesimama nyuma ya mti, fimbo mkononi. Ndiye aliyekuwa akilinda ng'ombe siku ile, akapitiwa na usingizi. Ana miaka kumi au kumi na moja. Alama za viboko zilikuwa bado mguuni. Nikamwuliza anasoma darasa la ngapi. Akatazama chini.

Nikamfuata mwenyekiti, nikamwambia: Jumanne mchana ilikuwa siku ya shule, mtoto huyu alikuwa anafanya nini malishoni, na nani amempiga? Mwenyekiti ni mtu mwema, na amechoka. Akanijibu: "Mwalimu, hiyo si kesi iliyoletwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia neno lake. Nkore ya kale ilikuwa na kesi ambazo hazikuletwa, kwa sababu mwenye nazo hakuwa na mdomo mbele ya wakubwa. Sisi tumemfungulia mlango mama wa shamba, na tumefanya vema. Mtoto wa fimbo bado yuko nje. Nilimwomba yule mama mzee niliyekuja kumwona aende na mtoto huyo shuleni, na kumpeleka kwa mwenyekiti tena, safari hii kama mlalamikaji. Julai alinipigia simu. Mtoto anakwenda shule siku tatu kwa wiki. Siku mbili bado ni za ng'ombe.

Wenzangu mliorudi, na ninyi mnaovuka mpaka kila siku, nawaomba mambo mawili. Makubaliano ya ng'ombe, ya shamba au ya mzigo, yaandikeni hata kwenye ukurasa wa daftari la mtoto. Na haki yenu ya mpakani isomeni wenyewe: bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zina cheti rahisi cha asili kinachojazwa palepale. Asiyekijua atatozwa, kisha ataambiwa ashukuru.

La mwisho, mkipita njia ya Nakivale mkamwona mtoto na fimbo saa nne asubuhi siku ya Jumanne, simameni mumwulize anasoma darasa la ngapi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini kwanza lazima mtu amwone.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari katika wilaya ya Nyagatare.